Kivuli ni cha Nani

Hatukutaka kuiba usiku.
Hilo nilimwambia Shaame tangu Konde,
tulipoteremka na mabegi mgongoni,
hema limefungwa kwa kamba ya katani.
Tukatembea hadi lango la msitu wa Ngezi,
tukalikuta lishafungwa.
"Msituni hakulalwi," kasema kijana wa lango,
baiskeli kaibana baina ya magoti,
"mpaka barua itoke afisi ya misitu, Wete,
na Wete leo Ijumaa washaondoka."
Akatuonesha kwa kidevu kule tulikotoka.

Ziko njia za kulala bila kuuliza.
Shaame anazijua: ingia kichakani giza likishika,
usiwashe taa, toka kabla ya adhana.
Mie sikulelewa hivyo.
Kwetu Kiuyu, hata kisima cha jirani ulikipigia hodi,
na kisima hakina mlango.

Basi tukauliza.
Kiwanja cha mpira ni cha skuli,
na mwalimu mkuu kasafiri Unguja.
Uwanda nyuma ya msikiti ni wakfu,
"na wakfu si wangu mie kuugawa," kasema imamu,
akatupa tende tatu badala yake.
Bondeni mpunga.
Ufukweni bango la mwekezaji, rangi bado mbichi.

Sheha tulimkuta barazani anamnyoa mwanawe.
Kauliza majina yetu, ya baba, ya babu,
akamkumbuka babu yake Shaame kwa deni la mbuzi
ambalo, kasema, lishasamehewa.
Alipomaliza kichwa, akaandika,
vinywele vikidondoka juu ya wino:
*Wageni wawili. Usiku mmoja. Mwenye ardhi akiridhia.*

Mwenye ardhi!
Bi Mize binti Faki kaisoma karatasi juu chini,
akacheka.
"Mikarafuu ni yangu, kaipanda marehemu baba.
Ardhi ni ya serikali, eka tatu, hati ninayo sandukuni.
Majani ni ya ng'ombe wa Kombo, tumekubaliana.
Sasa nyie mwataka kulala chini ya mti.
Kivuli ni cha nani?"

Shaame, msomi wetu wa sheria,
alifungua mdomo, akaufumba.
"Usiku hakuna kivuli," nikasema.
Bi Mize akanitazama
kama mtu anayeshika karafuu kabla ya kuipima pishi,
aone imekauka au bado ina maji.
"Haya," kasema. "Njooni."

Akatupeleka uga wa kuanikia,
saruji pana, chumba kisicho kuta.
Mwaka huu mikarafuu haikuzaa,
uga umekaa bure.
Moto hakuna. Choo kile pale.
Hata ganda la ndizi lisibaki.
"Na komba akilia kama mtoto,
msitoke kumbembeleza."

Vigingi haviingii kwenye saruji.
Tukaokota mawe manne, tukafunga kamba,
hema likasimama kama mgonjwa aliyeamrishwa.
Usiku ikaja mvua ya vuli, fupi,
na saruji ilipolowa ikatoa harufu
ya kila kilichoanikwa pale tangu ijengwe.
Nililala juu ya ada za skuli,
juu ya mahari ya mabinti nisiowajua,
juu ya mabati ya nyumba, na sanda ya mzee Faki.
Popo walipita juu kwenda kula.
Wao hawana barua.

Alfajiri tulirudisha mawe,
kila moja katika shimo lake lenye umande.
Shaame kapiga magoti akaokota punje ya mchele.
Bi Mize keshafagia upande mmoja wa uga,
anasubiri upande wetu,
ufagio mkononi, hana haraka.
Pesa sikumpa, angekasirika.
Nilimwambia tutapita tena kurudi.
"Mkirudi," kasema, "barua nyengine."

Langoni, kijana yule yule.
Kaipokea karatasi ya sheha,
akainusa kabla ya kuisoma.
"Aa. Mmelala kwa Bi Mize,"
akainua ule mti uliolazwa njiani.